Doto Hakujibu

Tangu tumzike Doto, Kulwa hajamjibu mtu. Watu wanavua viatu mlangoni, wanakaa mkekani, wanasema pole mwanangu, Mungu ndiye mpangaji, na yeye anawatazama tu mpaka wanaona haya na kuhamishia salamu zao kwangu. Chakula hakatai. Akiletewa uji anakunywa nusu, anasogeza kikombe pembeni yake, na ile nusu inabaki pale hadi mtu aje kuichukua. Jana wifi yangu Kabula, ambaye ana moyo mzuri lakini mdomo wake hauna mlango, alinivuta jikoni nilipokuwa nachambua mchele wa wageni. "Mama Kulwa," akasema, "huyu mtoto si bure. Amesoma, ana kazi yake nzuri huko Dodoma, anashindwaje hata kuitikia pole? Mimi nasema apelekwe hospitali akapimwe akili. Siku hizi wataalamu wapo." Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. Sikumkasirikia Kabula, hakuwepo wakati ule, alikuwa bado hajaolewa huku kwetu. Lakini watoto wangu walishapimwa akili, wote wawili, asubuhi moja, na majibu yake nimeishi nayo mpaka leo nimekuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ushirombo, karibu na parokia. Nilikuwa binti mdogo mwenye watoto wawili na mimba tumboni, na nilijiona nimeshazeeka. Chumba cha mbele nililala mimi, na Masanja alipokuwepo, maana mume wangu alikuwa mchimbaji. Wiki nzima yuko kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu upande wa Geita, anarudi Jumamosi na udongo mwekundu kwenye kucha ambao hakuna sabuni iliyouweza. Chumba cha nyuma alilala mama mkwe na mapacha. Katikati hapakuwa na mlango, lilikuwepo pazia la kitenge tu, kwa hiyo hakuna kilichosemwa upande mmoja kisisikike upande wa pili. Chumba cha mama mkwe kilinuka matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, aliyoyaweka kwenye gunia chini ya kitanda na kuyatoa kwa kipimo kama vile yeye ndiye mwenye duka. Nikifumba macho leo harufu ile inanijia, na pamoja nayo mlio wa meno ya watoto wawili wakitafuna gizani kitu ambacho walikuwa wamekatazwa.

Mama mkwe alikuwa Msukuma wa kijijini hasa, Kiswahili alikiongea kama anayevuka mto kwa mawe, na juu ya mapacha alikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ukimpa mmoja, umpe na mwenzake. Likiwepo yai moja, unalikata kwa uzi, na uzi upite katikati kabisa. Ukimchapa Kulwa, umguse na Doto hata kwa kidole. Ukimsalimu mmoja na kumruka mwingine, rudi ulikotoka ukaanze upya. Wageni walicheka, lakini walirudi. Aliamini kwamba anayepunjwa kati ya mapacha huondoka, na katika ukoo wake alikuwa ameshaona mmoja akiondoka. Watoto wenyewe waliishika sheria ile kuliko mtu yeyote. Kulwa akipewa karanga mkononi alikuwa hali hata moja mpaka amtafute mwenzake, wagawane, na inayozidi wairudishe kwa bibi.

Doto alikuwa mpole. Ndivyo tulivyosema, na kwa kusema hivyo tukaona tumemaliza. Alipokaribia miaka mitatu aliugua homa moja kali, akakakamaa shingo, nikamshika siku nyingi nikijua namzika. Akapona. Baada ya hapo akawa hana maneno, au tuseme maneno aliyokuwa nayo yakaanza kumwacha. Kabla ya homa alikuwa anasema mayu, yaani mama, anasema paka, anasema kuku, anasema maji. Mwaka ule ninaousimulia, wakati mapacha wana miaka mitano na ushee, lilikuwa limebaki moja, maji, nalo alilisema mara chache kwa sauti nene isiyo ya mtoto. Mama mkwe hakuona ajabu. Alinieleza kwamba Kulwa ndiye anayetangulia duniani na kuongea, Doto anafuata nyuma na kunyamaza. Mapacha wote aliowahi kuwaona walikuwa hivyo. Na kweli Kulwa aliongea kwa ajili ya wote wawili. Doto akitaka kula, Kulwa alisema tuna njaa. Doto akiumwa, Kulwa alishika tumbo lake mwenyewe. Alipotaka Doto atazame kitu, alimgusa begani kwa vidole viwili, tap tap, na Doto akageuka. Tuliona ni mchezo wao. Hata majirani waliupenda mchezo ule.

Sista aliyekuwa mkuu wa shule ya awali ya parokia alitaka kujua watoto gani wako tayari kuingia darasa la kwanza, akamwalika kijana mmoja aliyesomea saikolojia. Alikuja na begi la vipande vya mbao vya rangi na kadi za picha. Alikuwa mstaarabu, alitusalimu kina mama wote shikamoo hata sisi tuliokuwa rika lake. Tuliketi barazani kwenye benchi, dirisha la ofisi likiwa wazi mgongoni mwetu, na Sista akatuonya kwamba mzazi atakayemsaidia mtoto kujibu ameharibu kazi. Ilipofika zamu ya wanangu, Doto alishika gauni la Kulwa akakataa kuliachia, ikabidi waingie pamoja. Kila mahali Kulwa ndiye aliyetangulia. Yule kijana, kwa wema tu, akasema, "Leo tuanze na mdogo."

Nilisikia akimuuliza Doto jina lake. Kimya. Akamwomba aweke kipande chekundu juu ya cha bluu. Nikageuka kidogo kutazama, na nikaona Doto ameshavivuta vipande vyote na anajenga. Alijenga nyumba, akazungushia zizi, akaacha na mlango wa zizi. Kijana akavirudisha taratibu akamwambia tena, hapana, chekundu juu ya bluu. Doto akamtazama mdomo. Akaoneshwa picha, akaulizwa yupi ng'ombe, akaitazama picha vizuri sana kisha akamrudishia. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kisha kijana akamgeukia Kulwa. "Na wewe dada mkubwa, unaitwa nani?" Kimya. "Hivi vipande ni vingapi?" Kimya. Nikainuka nusu. Mtoto yule asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenihesabia mayai ya kuku wangu na kunigombeza kwamba moja nimelisahau kiotani. "Ng'ombe yuko wapi hapa?" Kulwa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, macho yake kwa Doto. Sista aliinua kiganja kuniashiria nikae, nami nikakaa.

Majibu tulipewa kwa mdomo, ofisini, Jumamosi iliyofuata ili Masanja awepo. Alivaa shati lake la kanisani. Yule kijana alisema kwa upole kwamba uwezo wa watoto wetu kwa sasa uko sawa na wa mtoto wa miaka mitatu, tena matokeo yao yanalingana kabisa, jibu kwa jibu. Alisema tusiogope, huo si wazimu wala si laana, na kipimo cha siku moja hakimalizi habari za mtoto. Akashauri jambo moja, kwamba kabla ya lolote wote wawili wakapimwe masikio hospitali kubwa. Mimi niliinua kichwa kwa hilo neno masikio, sijui kwa nini. Lakini Masanja aliuliza, "Hata Kulwa?" Kijana akasema hata Kulwa. Basi mume wangu akacheka. Alicheka kwa nafuu, kama mtu aliyeambiwa duara limemfukia kaka yake kisha akamwona kaka huyo anakuja njiani na sigara. Sista akajaribu: "Baba Kulwa, tumwache Kulwa pembeni. Mimi huyu Doto ananipa mashaka." Masanja akamjibu kwa heshima zote. "Sista, sisi kule machimboni tunapima dhahabu kwa mizani ya mnunuzi. Ukigundua mizani yake imedanganya kwenye gramu moja unayoijua, huwezi ukaiamini kwenye ile usiyoijua. Unafunga mzigo wako unaondoka." Kwa kweli hata mimi niliona mume wangu amesema neno la akili.

Jioni ile nilisikia kupitia pazia akimsimulia mama yake. "Eti Kulwa ana miaka mitatu, mama." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Kulwa huyu anayewajua ng'ombe wote wa mjomba wake kwa majina?" "Huyo huyo." "Kijana wa watu amesoma mpaka vitabu vimemchanganya." Kisha nikasikia mama mkwe anauliza kwa sauti ya chini, "Na Doto wamemwonaje?" Masanja akajibu, "Wamewaona sawasawa." "Basi vizuri," akasema mama mkwe, na nikajua kutokana na sauti yake kwamba ameridhika, maana hata kwa mtaalamu hakuna aliyepunjwa. Mimi nililala nikicheka nao upande wangu wa pazia.

Utani ule ukakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Kulwa akifunga mlango bila kuambiwa, mtu anasema, na akili za miaka mitatu hizo. Kulwa akikariri sala yote ya asubuhi bila kukosea, jirani anapiga makofi, miaka mitatu huyo. Kila Kulwa alipofanya jambo la akili, yule kijana alichekwa upya, na kila alipochekwa, habari ya masikio ilizama zaidi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa na furaha tu, na Doto naye alikuwa anacheka kila tulipocheka, akitazama meno yetu. Ninachoshindwa kukisamehe, na sijui nimnyime nani huo msamaha, ni kwamba katika miezi hiyo ndipo lile neno la mwisho lilipoondoka. Kulwa alikuwa anamwombea maji, tukampa, na hakuna aliyegundua ni lini Doto aliacha kuyaomba mwenyewe. Neno la mwanangu lilikufa ndani ya nyumba yenye watu wazima watatu, na hakuna aliyelisindikiza.

Shija alizaliwa mvua za vuli zilipoanza, mtoto wa kuja baada ya mapacha, na jina lake lilikuwa linamsubiri. Majirani waliniletea uji wa ulezi, samaki, mayai. Mchana mmoja nilimchemshia Kulwa yai moja kwa sababu alikuwa amenisaidia kutwa nzima kumbembeleza mdogo wake, na Doto alikuwa amelala. Nikamwambia kula haraka, bibi hayupo. Akalishika mkononi. Mvuke ukaisha, akaendelea kulishika. Nikachokozeka nikacheka, nikamwambia, "Kula bwana, mwenye akili za miaka mitatu." Akaniuliza kwa nini tunasema hivyo. Nikamwambia si kwa sababu siku ile Sista alipowaita ulikataa kuongea? Sikuwa nauliza kitu, nilikuwa natania.

"Doto hakujibu," akasema.

"Najua. Na wewe je? Si ulikuwa unajua ng'ombe yuko wapi?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa?"

Akanitazama kwa subira, kama mimi ndiye niliyekuwa mtoto na yeye ananifundisha sheria za nyumbani. "Mama, Doto hakujibu," akarudia, kisha akaenda kukaa kando ya pazia la chumba cha nyuma na yai lake mkononi, amsubiri Doto aamke.

Nilibaki na Shija kifuani, maziwa yanamwagika, na kitu ndani yangu kikaanza kushuka polepole. Kama Kulwa alinyamaza ili asimzidi mwenzake, basi kipimo hakikukosea. Kilipima mtoto mmoja, kikaandika mara mbili. Tulichokicheka miezi yote hiyo kilikuwa ukweli wa Doto umevaa gauni la Kulwa. Sikulia bado. Nilimlaza Shija, nikasubiri Doto aamke, akala nusu yai lake, akaenda ukutani kuchora kwa mkaa kama kawaida yake, mgongo kwetu. Nikachukua mfuniko wa lile sufuria kubwa nikauinua juu ya kichwa changu nikauachia kwenye sakafu ya saruji. Shija alishtuka akapiga yowe. Kuku wa jirani walitawanyika. Kulwa aliruka akageuka. Doto aliendelea kuchora pembe za ng'ombe, moja, kisha ya pili, bila haraka. Ndipo Kulwa akamfuata, akamgusa begani, tap tap, na Doto akageuka akaniona mama yake nimekaa chini na mikono kichwani. Alikuja akanifuta uso kwa kiganja chenye mkaa.

Hospitali kubwa Doto tulimpeleka kwa basi, mimi na Masanja. Daktari alikuwa mama mtu mzima. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alituuliza homa ile ilikuwaje, nikamweleza shingo ilivyokakamaa, akaitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kujua. Akasema masikio yote mawili yalikufa siku zile, na hata tungekuja kesho yake asingeweza kuyarudisha. Masanja akashusha pumzi, na mimi pia. Kisha daktari akauliza, "Alikuwa ameanza kuongea?" Nikasema alikuwa na maneno. "Ameyabakiza mangapi?" Nikafungua mdomo nikataka kusema maji, nikakumbuka kwamba sijalisikia tangu kabla ya mvua. Daktari akaandika akasema taratibu kwamba mtoto wa namna hii akiwahiwa, yale maneno machache hushikwa, mengine hujengwa juu yake. Masanja, mwanaume niliyemwona akibeba maiti ya rafiki yake kutoka shimoni bila kutoa chozi, alilia kwenye korido akiwa amejifunika uso na lile shati la kanisani.

Ilipatikana nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali, kutwa nzima kwa basi. Mama mkwe alipoambiwa alikwenda chumbani akakaa muda mrefu, tukasubiri matusi. Alitoka na mafurushi mawili, sawa kwa sawa, gauni kwa gauni, matobolwa kwa kipimo kilekile. Alikuwa amekubali, alidhani wote wawili wanakwenda. Ilibidi Masanja amweleze mara ya pili kwamba shule ile haipokei mtoto anayesikia. Yule mzee alikaa chini na furushi la Kulwa mapajani akaanza kulifungua fundo, akinong'ona "ng'wana wane, ng'wana wane," yaani mwanangu, na sikujua anamlilia yupi. Asubuhi stendi Doto alipanda basi na baba yake akifurahia dirisha. Alipiga kioo kwa vidole viwili. Basi lilipoondoka Kulwa alinishika mkono, akarudi nami nyumbani, na hakusema tena neno lolote. Hakusema siku ile, wala wiki ile, wala alipoingia darasa la kwanza akakaa dawatini mwalimu anamuuliza jina lake. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba yule kijana wa saikolojia alikuwa ameona mbali. Hawakucheka tena. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kusoma majibu ya mtoto huyu, nikamwomba mwalimu amwache. Likizo ilipofika Doto alishuka kwenye basi mikono yake ikiongea, haraka haraka, vidole vimejaa habari, na Kulwa akasimama akamtazama, kisha akaufungua mdomo akasema, "Mama, Doto anasema ana njaa." Alikuwa amekisia tu. Lakini kabla likizo haijaisha walikuwa wanagombana kwa mikono uani, na mama mkwe anawaamulia.

Waliishi hivyo hadi ukubwani. Doto akawa fundi cherehani Kahama, mwenye wateja wengi na ulimi mkali vidoleni. Kulwa akija likizo, Doto hakuwa na jinsi ya kumwita, kwa hiyo alimjia kwa nyuma akamgusa begani, tap tap, na Kulwa akageuka akiwa ameshaanza kutabasamu. Mpaka figo zilipomchukua mwanangu.

Basi jana pale jikoni nilimwambia Kabula ainjike mchele, huyu alishapimwa. Akaniuliza walimwona ana nini. Nikamwambia walimwona ana dada. Kisha nikafuta mikono nikaenda mkekani. Kulwa alikuwa amenipa mgongo, ametazama ukuta. Nikanyoosha vidole viwili, nikamgusa begani, tap tap.

Aligeuka upesi. Aligeuka na ule uso, ule wa tabasamu lililokwisha kuanza, nami nikaona nimefanya nini. Alinitazama, akatazama mkono wangu, na tabasamu likaisha kidogo kidogo. Nikataka kumwomba radhi.

"Maji," akasema Kulwa, kwa sauti nene isiyo yake.

Nikaenda jikoni. Nikaleta vikombe viwili.